Kikuba cha Bibi na Paka Wake

Jumamosi nilikuwa Ngamiani, kwenye duka la dawa za mifugo, nimefuata chanjo ya kideri ya kuku wangu. Mbele yangu bibi mmoja alifungua kikapu, akamtoa paka mweupe aliyejikuna mpaka shingo imebaki ngozi tupu.

"Shikamoo bibi," alisema daktari wa mifugo wa pale dukani.

"Marahaba mwanangu. Mvua zikianza huwa hivi. Zikikatika, anapona mwenyewe."

Daktari alitafuta viroboto, hakuona hata mmoja. Akauliza paka analala wapi.

"Kitandani kwangu. Wapi tena?"

Daktari akakitazama kikuba, kishada cha maua ya asumini alichokibana bibi kifuani. "Na kitandani unazitandaza asumini?"

"Zikichanua wakati wa mvua, kila jioni. Tangu harusi yangu."

"Huenda ndizo zinazomwasha. Ziache kwanza, na umfute manyoya kwa kitambaa kibichi."

Bibi aliweka mkono juu ya kikuba. Kisha akaitoa pini polepole, akanigeukia na kunipa kikuba.

"Mpelekee mkeo. Marehemu mume wangu alizipenda asumini, lakini yeye katangulia. Sasa anayenipokea mlangoni ni huyu."

Akambusu paka kichwani, akamrudisha kikapuni.

Nyumbani mke wangu alikinusa kile kikuba, akakibana kifuani, akaniuliza nani wa kushukuriwa, maana alijua si mimi. Nikamwambia ni paka. Hakubisha. Wakati wa chakula, kichwa cha samaki kolekole ambacho siku zote huwa changu kilikwenda kwa paka wa jirani kama shukrani, nami nikaona ni haki yake.