Heshima ya Darasa Zima

Wanafunzi walimwita Madam Tafadhali, naye alilijua jina hilo wala hakulichukia. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza asiyeruhusu sentensi kuingia darasani bila adabu. Mtoto akisema "nipe chaki", chaki haikutoka. Akisema "tafadhali, naomba chaki", alipewa hata kama hakuwa na kazi nayo. Walimu wenzake walimtania kwamba siku akivamiwa na mwizi, atamwambia kwanza aombe vizuri ndipo apige kelele.

Muhula ule somo lake liliongezewa mada mpya: uraia mwema mtandaoni. Walimu wengi waliimalizia ubaoni. Usitukane, usisambaze uongo, usimpe mtu neno lako la siri. Watoto wakanakili, kengele ikalia, ikawa imekwisha. Madam Tafadhali aliona kwamba huko ni kumfundisha mtu kuogelea juu ya mkeka. Akamwendea mwalimu mkuu, ambaye funguo za chumba cha kompyuta hazikumtoka mfukoni, akambembeleza mpaka akapewa vipindi viwili mfululizo.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Watoto hawa hukutana na mabishano mtandaoni kila siku, na silaha yao ni tusi. Basi akawafundisha sentensi moja ya Kiingereza ya kubishana kistaarabu, ile ambayo kwa Kiswahili ingekuwa: "Kwa heshima zote, sikubaliani nawe, kwa sababu..." Baada ya hapo kila mtoto atie hoja yake mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa kumpata mtu wa kubishana naye, na hapo ndipo alipomkumbuka fundi.

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo za kike, mtaa wa pili kutoka shuleni. Zamani alikuwa na meza kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, kando ya barabara. Mama yake alipopooza upande mmoja, alihamishia cherehani nyumbani, akaiweka pale ambapo akikanyaga pedali anamwona mama kitandani. Wateja wa barabarani hawakumfuata. Akafungua ukurasa mtandaoni, akawa anaweka picha za magauni na maelezo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza alichojifunza mwenyewe, na polepole ukurasa ule ukawa ndio duka. Humo waliagiza, humo walituma vipimo, humo walimletea na shoga zao. Mara mojamoja aliandika neno la maisha. Wiki ile aliandika kwamba mtoto asipewe simu mpaka amalize shule.

Madam Tafadhali alikuwa mteja wake, na alimchagua kwa sababu alimpenda. Alijua hata watoto wakimbishia vipi, hatawatukana. Hakuona haja ya kumwomba ruhusa. Mtu akiandika hadharani, si amekaribisha majibu?

Watoto walifanya kazi nzuri. Kipindi kilipokwisha, darasa zima lilikuwa limejipanga chini ya andiko la fundi, mmoja nyuma ya mwingine: kwa heshima zote, sikubaliani nawe. Hapakuwa na tusi hata la kutafuta kwa tochi. Mwalimu aliwapa alama zote, akaenda kula chakula cha mchana akiwa na furaha.

Wakati wa mapumziko madarasa mengine yalipata habari. Wao hawakuwa wamefundishwa ile sentensi, wakaja na vicheko vyao. Mmoja alimwuliza fundi kama hicho Kiingereza pia amekishona mwenyewe, na kwa nini hakukipiga pasi. Jioni, mitambo ya mtandao iliona umati umemwangukia mtu mmoja kwa maneno yaleyale kutoka jengo lilelile. Ikahukumu kwamba ukurasa ule unaendeshwa kwa watu bandia, ikaufunga.

Asubuhi simu ya mwalimu iliita. Alikuwa fundi.

"Mwalimu, samahani kukusumbua mapema. Wewe ndiye mwenye Kiingereza. Jana watu wamenivamia, sijui nimewakosea nini. Kila mmoja ananiambia kwa heshima, kwa heshima, kama wametoka kwenye kikao. Na sasa ukurasa haufunguki, umeniletea maandishi marefu. Ukipata nafasi pita unisomee."

Mwalimu hakungoja nafasi. Alimkuta fundi ameketi nyuma ya cherehani bila kushona, na mama yake ameegemezwa kwenye mito.

"Mwalimu huyo? Mpe kiti," mama akasema. "Kusimama hakulipwi hapa."

Mwalimu alikisogeza kiti, lakini hakukaa.

"Dada, wale watu wa jana ni wanafunzi wangu."

"Wako?"

"Niliwatuma mimi. Lilikuwa zoezi."

Fundi aliutazama uzi ulioning'inia kwenye sindano. "Zoezi la nini?"

"La adabu."

Mama alicheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado mzima. "Kumbe hiyo ndiyo adabu. Siku wakija na ujeuri tutahama mji."

"Mama, acha," fundi alisema taratibu. Kisha akamgeukia mwalimu. "Ungeniambia tu, ningewajibu hata mmoja mmoja. Mimi jana niliogopa kutoka kwenda kuchota maji. Nilidhani wako hapo nje."

Hilo lilimchoma mwalimu kuliko kama angefukuzwa. Aliomba radhi, akaomba simu, akaanza kuandika rufaa kwa wenye mtandao. Ilikuwa barua ambayo yeye mwenyewe angeipa alama za juu: alieleza zoezi, akabeba kosa lote, akaomba fundi asiadhibiwe kwa jambo asilolijua. Jibu lilifika kabla hajaifikisha simu kwa mwenyewe. Ombi limepitiwa, ukurasa umevunja kanuni.

"Wamesoma saa ngapi?" fundi akauliza.

Mwalimu aliivuta simu kwake. Akaandika tena, kwa ufupi zaidi. Likaja jibu lilelile, neno kwa neno. Siku zilizofuata alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akajaribu kwa maneno ya kisheria aliyoyaokota huku na huku. Maisha yake yote ya kazi aliwaambia watoto kwamba anayejua kuomba vizuri husikilizwa. Sasa aliomba kwa Kiingereza safi kuliko alichowahi kukiandika, na upande wa pili hapakuwa na sikio.

Mwalimu mkuu alimsikiliza huku akizichezesha funguo. "Shule haikuufungua huo ukurasa, kwa hiyo haiwezi kuufungulia. Na jina la shule, mwalimu, usiliandike popote."

Nyumbani, mumewe aliyekuwa fundi umeme alizipokea habari akiwa anavua buti.

"Nia njema ni tabibu," alisema. "Ila tabibu wako, mke wangu, kamchoma sindano mtu aliyekuwa mzima."

"Nisaidie, usinichekeshe."

"Nikusaidieje? Umeme ukikatika, mimi natafuta nguzo napanda. Huko kwenu nguzo iko wapi?"

Jibu la mwisho lilipokuja likisema kwamba uamuzi hautazungumzwa tena, fundi ndiye aliyemfariji. "Basi, mwalimu. Nimefungua mwingine. Mpaka sasa wanaonifuata ni dada zangu tu, lakini wateja watanitafuta." Hakusema watamtafutaje, wakati majina na vipimo vyao vyote vilibaki kule ndani. Alisema tu kwamba huu nao ukimshinda, atarudisha cherehani barabarani. Nani atamgeuza mama mchana kutwa, hilo pia hakulisema.

Madam Tafadhali aliona si haki watoto wabaki hawajui. Aliwaeleza yote, bila kumlaumu hata mmoja, na akawaambia kwamba yule fundi ameanza upya kwa ukurasa mwingine. Watoto walimsikiliza wakiwa wameweka kalamu chini. Aliwaza kwamba hatimaye mada imewaingia.

Kipindi kilichofuata aliwakuta wameketi wima, wakitabasamu. Kiranja wa darasa, msichana mwenye sauti ya mtangazaji, akasimama.

"Madam, tumekuandalia kitu. Asubuhi mwalimu wa zamu alituombea funguo, akatufungulia chumba cha kompyuta. Tumeutafuta ukurasa mpya wa yule fundi, tumemwomba radhi. Wote, hata waliokuwa wagonjwa siku ile."

"Mmemwandikia?"

"Kwa Kiingereza, Madam. Hakuna aliyekosea."

Mwalimu alitoa simu yake mkobani. Chini ya picha pekee ya ukurasa ule, sketi ya buluu, radhi zilikuwa zimepangana kama matofali: tunasikitika kwa dhati, tunasikitika kwa dhati. Aliwaongoza mbio mpaka chumba cha kompyuta, kilichokuwa bado wazi, akawaambia wafute. Walikuwa watoto watiifu. Walifuta wote kwa pamoja, vidole vikienda haraka, na yeye akiangalia maneno yakipungua moja baada ya jingine mpaka sketi ikabaki peke yake. Kisha sketi nayo ikaondoka, ukurasa ukafungwa kama ule wa kwanza.

"Madam, mtandao umekatika?" mtoto wa mbele akauliza.

"Hapana."

"Tuandike tena?"

"Msiandike kitu. Kaeni tu."

"Tukae tufanye nini, Madam?"

Kengele ilipolia alikuwa amesimama palepale, nao hawakuondoka mpaka alipowaashiria kwa mkono.

Alikwenda kwa fundi moja kwa moja akiwa na vumbi la chaki kwenye mikono ya gauni. Njia nzima alipanga maneno, akayapangua. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amelala, na fundi, ambaye tangu asubuhi alishona bila kuigusa simu, alikuwa anakata uzi wa mwisho kwenye gauni la rangi ya zambarau.

"Umekuja wakati wake," alisema kwa sauti ya chini, asimwamshe mama. Alisimama, akalitundika gauni kwenye msumari karibu na dirisha, akalinyoosha kiunoni. "Simu yako ina kamera nzuri kuliko yangu. Nipigie picha, leo jioni niiweke ukurasani."

"Dada..."

"Mwanga utaondoka, mwalimu. Piga."

Madam Tafadhali aliinua simu, akapiga. Fundi aliitazama picha, akasema kola haionekani sawasawa. Akaigeuza kola, akarudi nyuma hatua moja, na mwalimu akapiga nyingine.