Ndege Zinakuja

Wakati wa vita vya pili vya dunia nilikuwa karani kwa mzungu mmoja Kitale, na kiburi changu chote kilikuwa Kiswahili sanifu. Nilimrekebisha kila mtu, hata mchungaji akiwa katikati ya mahubiri.

Nikiwa likizo nyumbani Kabuchai, mjumbe wa chifu akapita akipiga kelele, "Ndege zinakuja! Jitayarisheni!"

Mke wangu akachukua debe bovu la kupiga shambani. "Si ni wale wa kula wimbi kila mavuno," akasema.

Nikamcheka. Nikamweleza kwamba ndege wa manyoya husemwa "wanakuja". "Zinakuja" ni zile za chuma, zenye mabomu. Nikamnyang'anya debe. Siku mbili tulichimba handaki nyuma ya jikoni, yeye akichimba, mimi nikisimamia. Majirani walishinda mashambani wakipiga madebe na kurusha mawe. Niliwahurumia, wajinga wa watu.

Siku ya tatu mvumo ukaja, anga likawa jeusi. Niliingiza familia yote handakini, nikalala kifudifudi chini kabisa, gunia kichwani.

Kulipotulia, mke wangu alipanda juu akatazama shamba. Akarudi ukingoni, akainama, akaniambia kwa upole ambao sijausahau mpaka leo:

"Baba watoto, toka. Ndege zimekula wimbi yote."

Kwa mazoea nilifungua mdomo nimrekebishe. Nikaufunga.