Shingo Yangu na Mwavuli wa Mahari

Onésime alipoondoka alichukua godoro, redio na sufuria kubwa. Aliniachia binti yetu Glodie, aliyekuwa bado ananyonya kidole, pamoja na goita iliyokuwa inakua shingoni mwangu kila mwaka kama mtu anayejenga chumba cha pili. Alisema hawezi kulala kando ya mwanamke mwenye koo la chura, maana kila akigeuka anadhani amelala ukingoni mwa mto Lubuye wakati wa mvua. Akaenda Kongolo, akampata Denise, mwenye shingo ndefu nyembamba. Mimi namtakia Denise heri. Shingo ndefu inaona mbali, na siku moja itaona yale niliyokuwa nayaona mimi.

Nilikaa na ule uvimbe miaka mingi nikianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye mchanga wa Kataki. Watoto walinijua kwa jina la Mama Koo. Wanunuzi walikuwa wananitafuta kwa alama hiyo hiyo: nenda mpaka ufike kwa yule wa koo, ndagala zake ni safi. Kwa hiyo siwezi kusema goita haikunisaidia kitu. Ilinisaidia kuliko mume.

Mwezi wa pili mwaka huu walikuja madaktari wa kupasua goita bila malipo. Nilikwenda hospitalini nikapanga mstari kabla jua halijatoka. Walinilaza, na nilipoamka nikapeleka mkono shingoni, nikakuta bandeji tu, hakuna mlima. Nikaanza kulia. Wakadhani nasikia maumivu. Sikusikia maumivu. Nilikuwa nafikiri kwamba madaktari hawa wangefika mapema, labda bado ningekuwa na redio yangu.

Siku ya kutoka, muuguzi mmoja anayeitwa Mama Agathe alinikalisha kwenye benchi. Mwanamke huyo ana mikono laini na mdomo wa kukwangulia magamba ya samaki.

"Mama Glodie, dokta amekushona vizuri. Usimuharibie kazi yake."

"Nitaharibu namna gani?"

"Namna munaharibu wote. Mawese, majani ya bibi, sabuni ya kuchubua. Sitaki kitu hata kimoja pale. Kidonda kikifunga kabisa, unachukua vazelini kidogo, unakanda polepole kwa kidole, asubuhi na mangaribi. Na jua lisione hilo kovu mwaka mzima."

"Mama Agathe, mimi naanika ndagala."

"Nimesikia."

"Ndagala inaanikwa juani."

"Basi ndagala ikae juani, wewe ukae kivulini. Nani amekuambia njo wewe unakaushwa?"

Akanieleza kwamba ngozi ya kovu jipya ni kama ngozi ya mtoto mchanga, jua linaiunguza upesi, na ikishaungua inaweza kubaki nyeusi maisha yote. Iko pomadi ya kuzuia jua, ile wanayopaka maalbino, na nikiipata nipake. Lakini hata nikipaka, bado nitafute kitambaa na kivuli. Nilizunguka kwenye maduka ya dawa nikiiulizia. Hawakuwa nayo, ila kila mmoja alinionyesha ya kuchubua na kuniambia ni karibu sawa.

Sasa niseme wazi nilichokuwa nakitaka, ili mtu asinidhanie mema. Glodie alikuwa amechumbiwa na Joël, kijana mpole wa bandarini, na mahari yalipangwa mwezi wa nane. Kwa watu wa Onésime mahari yanapokelewa na baba, hata kama baba hajui mtoto anavaa kiatu namba ngapi. Angekuja tu. Nami nilitaka akute shingo ambayo kovu lake mtu analitafuta kwa macho mpaka macho yanachoka. Nisingemwambia neno. Shingo ingezungumza naye yenyewe.

Nilianza na kitambaa chepesi cha pamba, nikakizungusha shingoni. Asubuhi ya kwanza tu, Florentine, anayeanika ndagala mkono wangu wa kuume, akaacha kazi akaja kunishika bega.

"Pole, Mama Glodie. Nani amekufa?"

Kwetu mwanamke anafunga kitambaa shingoni akiwa matangani, na mimi kwa kuogopa jua nilikuwa nimesahau. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Hakuamini. Kufika saa sita watu walikuwa wamekuja kunipa pole kwa ajili ya kaka yangu Augustin, ambaye yuko Nyunzu, mzima, ananenepa. Mmoja aliniletea sukari. Sukari niliipokea, maana ilikuwa imeshafika.

Na kitambaa chenyewe kilikuwa kinalowa jasho na maji ya samaki, kovu likawasha, nikakibadilisha mara kwa mara mpaka nguo zangu za zamani zikaisha. Nikaona njia nyingine. Nilichukua turubai lililochakaa nikalifunga juu ya miti minne, nikaketi chini yake kama mke wa gavana. Ilikuwa raha kweli. Kosa langu ni kwamba nilitazama kivuli cha asubuhi tu. Mchana kivuli kilihama taratibu, kikaniacha mimi, kikaenda kulala juu ya ndagala za Florentine. Jioni zake zilikuwa laini kama kidole cha padri, na nzi wamefanya mkutano juu yake.

Florentine hakupiga kelele. Alisimama mbele yangu na ndagala moja mkononi, akaikunja. Ndagala iliyokauka inavunjika. Ile ilikunjika kama utambi.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Kivuli chako kinanilia samaki."

"Mimi sikukituma."

"Goita ulikuwa nayo ikakaa kwako, haikumusumbua mutu. Sasa umeponyeshwa, tunateseka mchanga muzima. Ondoa turubai, ao nitaenda kukushtaki kwa Mama Agathe."

Aliyajua yote ya Mama Agathe kwa sababu nilikuwa nimemsimulia mwenyewe. Niliondoa turubai. Nikampa ndagala zangu kavu badala ya zake, nikabaki nimekaa mgongo kwa jua, nikigeuka jua likigeuka, kama saa mbovu. Nilijua siwezi kufika mwezi wa nane hivyo. Nilihitaji kivuli kinachohama pamoja nami, kisichokwenda kwa majirani.

Jibu nililipata siku ya kutaja vitu vya mahari. Tulikutana kwa Papa Omer, kaka yake Onésime, ambaye anaishi hapa Kalemie na alikuwa anapokea maneno kwa niaba ya mdogo wake. Wakataja mbuzi, suti ya baba, blanketi, chumvi, jembe. Halafu wakanigeukia mimi kwa ile sauti ya kumfurahisha mtoto.

"Na mama anataka kitenge cha namna gani?"

"Sitaki kitenge," nilisema. "Nataka mwavuli."

Wakacheka. Papa Omer akauliza kama ni wa mvua.

"Ni wa jua. Ule mkubwa wa wauza vocha za simu, wenye mti wa chuma. Wakikosa hapa wautafute Kigoma."

Glodie aliziba mdomo kwa mkono. Joël aliuliza rangi. Hapo nilijua kwamba binti yangu amepata mume, maana baba yake hakuwahi kuniuliza rangi ya kitu chochote.

Siku yenyewe ikafika. Onésime alikuja amevaa kofia, tumbo limemtangulia, nywele zimebaki nyuma. Tulikutana mlangoni, akaniamkia akitazama viatu vyangu. Nikamjibu, nikapita. Ua wa Papa Omer umemwagwa saruji yote na hauna mti hata mmoja, kwa sababu Papa Omer hapendi kufagia majani. Wageni na wazee waliwekewa turubai. Mama wa bibi arusi anakaa mbele, peke yake kwenye mkeka, kichwa wazi na shingo wazi, ili wakwe wamtazame vizuri, maana huyo njo sura watakayokaa nayo binti akishazeeka. Kitambaa shingoni kingekuwa matanga katika ndoa ya mtoto wangu. Kwa hiyo nilikaa. Ilikuwa saa sita, kiangazi, na jua la mwezi wa nane linajua kazi yake.

Vitu vinaletwa kimoja kimoja na cha mama kinakuja mwisho. Nililisikia jua limeketi kwenye kovu kama mdudu. Miezi yote ile ya vazelini na kugeuka kama saa mbovu, halafu iharibike siku yenyewe, mbele ya mtu mwenyewe. Niliinamisha kidevu kifuani ili kitoe kivuli kidogo. Wakaleta mbuzi, mbuzi akagoma kuingia, wakambembeleza. Wakaleta chumvi. Nikainamisha kidevu zaidi. Kutoka kwenye turubai la wageni nilisikia shangazi yake Joël ananong'ona kwamba mama huyu ana heshima sana, hainui hata macho.

Hatimaye vijana wawili wakauingiza mwavuli. Ulikuwa mwekundu na manjano, mti wake wa chuma unamshinda mtu kwa urefu. Jiwe lake la kuusimikia lilikuwa limebaki bandarini. Onésime, aliyekuwa amesimama kupokea, aliufungua, ukamfunika yeye na suti yake mpya, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Huu naubeba Kongolo," alisema. "Denise ataufurahia pale dukani."

Msemaji wa upande wa Joël alikuwa baba yake mdogo, Papa Ruben, mtu wa Kiambi, mwenye koti refu na maneno marefu zaidi. Akainua mkono.

"Papa, hapana. Hiki njo kitu cha mama. Wewe unakipokea tu, unamupelekea kwa mikono yako, naye anapiga makofi, anakichukua. Mpaka apige makofi, hakigusi chini. Kikigusa chini, ndoa imeanguka."

Kila mtu anaijua desturi hiyo. Onésime pia anaijua. Alikuja mpaka kwenye mkeka wangu, ameushika ule mti kwa mikono miwili kama anayebeba msalaba wa Ijumaa Kuu, na kivuli kikanishukia kichwani, shingoni na mabegani. Niliinua kidevu. Kwa nini nisiinue?

Akangoja makofi.

Mimi nilimgeukia Papa Ruben. "Baba, kabla sijapokea, ningependa kusikia mtoto wangu anaingia katika ukoo gani. Mutuambie vizuri, musiruke mutu."

Nafikiri katika maisha yake yote Papa Ruben hakuwahi kuombwa aongeze. Alifunga vifungo vya koti. Akaanza na babu wa babu yake, alivyotoka porini akafika Kiambi na mbwa mmoja. Mbwa naye alikuwa na jina, na habari zake.

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, unauvuta mwavuli, na Onésime anauvuta huku. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Alikuwa karibu yangu kuliko alivyowahi kuwa tangu aondoke na sufuria, na kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kutazama, alinitazama shingo.

"Mama Glodie," alinong'ona. "Ile kitu iko wapi?"

"Walitoa."

"Walipitia wapi? Sioni."

"Tafuta."

Akainama kidogo, mwavuli ukainama naye. "Naona kama kamustari kadogo."

"Njo hako. Usikaachie jua. Simama sawasawa."

Akasimama sawasawa. Upande wa wanawake nilisikia Florentine, niliyekuwa nimemwalika, ameanza kucheka ndani ya kanga, kile kicheko cha mtu anayezuia kikohozi kanisani. Glodie alitazama miguu yake, mabega yanamtikisika. Papa Omer alikuwa anakohoa kweli. Papa Ruben alidhani ni mbwa anayewachekesha, akamrudia tangu mwanzo.

"Mama Glodie," alisema Onésime baadaye, sauti imeshuka, "piga makofi basi. Mikono inaniuma."

"Papa Ruben bado anaongea."

"Amefika wapi?"

Nilisikiliza kidogo. "Wamefika kwenye Luvua. Wanatafuta mutumbwi."

"Na wakivuka?"

"Wakivuka watazaa," nilimwambia. "Sogea kushoto kidogo, Papa Glodie. Jua linageuka."

Akasogea.