Tumbo la Chatu

Mume wangu alimleta chatu nyumbani ndani ya tenga la kubebea kuku, miezi michache baada ya kumzika mtoto wetu wa kwanza. Tulikuwa tunakaa Homa Bay, kando ya ziwa, katika nyumba ya kazi yenye vyumba viwili na stoo, nyuma ya ofisi ya mifugo. Yeye alikuwa mtu wa majosho. Wiki nzima alikuwa juu ya baiskeli, leo Rangwe, kesho Ndhiwa, akisimamia ng'ombe wakiogeshwa dawa ya kupe, akidunga sindano, na akipasua waliokufa ili ofisi ijue wameuawa na nini. Mimi nilizaliwa kisiwani, na wakwe zangu waliniita Nyar Mfangano, binti wa Mfangano, jinsi wake wanavyoitwa kwetu kwa jina la walikotoka.

Miaka hiyo ziwa lilikuwa limepanda. Maji yaliingia mashambani, yakafunika mihogo na mafunjo, na nyoka wakahamia kwa watu. Chatu yule alipatikana amenasa ndani ya mtego wa samaki. Alikuwa bado mdogo, hajafika urefu wa mtu mzima. Vijana walitaka kumchoma moto, watu wazima wakawakataza, maana chatu kwetu hauawi ovyo. Akija kwa watu husemwa kwamba analeta mvua na mavuno.

"Mvua gani tena?" alisema mama mmoja ambaye shamba lake lote lilikuwa chini ya maji. "Mwambieni aondoke na hii tuliyo nayo."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyejitokeza kumchukua. Mume wangu akasema atakaa naye mpaka ziwa lirudi mahali pake.

Nilipoona kilichomo ndani ya tenga nilimuuliza atamweka wapi.

"Stoo," akasema.

Stoo ndimo nilimokuwa nimeweka vitu vya mtoto: karai lake, shuka zake, kikombe cha bati. Niliingia nikavitoa, nikavisukuma chini ya kitanda chetu. Yeye akatengeneza sanduku la mbao, mbele akalipigilia waya wa kuku, na ndani akatandika gunia la mkonge lililozeeka ili nyoka asilale kwenye mbao tupu.

Ni lazima niseme jinsi mtoto alivyokufa. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia kiti. Tumbo lilimwendesha, akaanza kutapika, na mume wangu alikuwa Ndhiwa, ambako ng'ombe walikuwa wanakufa kwa wingi na ofisi ilikuwa imemkataza kuondoka. Nilimtumia habari kwa mtu wa lori. Mume wangu alipofika mtoto alikuwa ameshafunikwa. Alimzika, akapokea pole za watu, na Jumatatu akapanda baiskeli akarudi kazini. Hakuniuliza hata swali moja. Hakuuliza mtoto aliugua vipi, nani alikuwa nami, wala kama alilia. Mwanzoni nilidhani anaogopa kuniumiza. Baadaye nikaacha kudhani chochote. Tulikuwa tunasalimiana, tunakula, tunalala.

Kwa chatu alikuwa mtu mwingine. Akirudi jioni alimtoa, akamwacha ajizungushe mkononi, akampapasa mwili mzima polepole kama anavyopapasa ng'ombe mwenye mimba. Alimlisha panya, na vifaranga waliokufa ambao jirani yetu mfugaji alimpa. Alichunguza kinyesi chake kwa kijiti na kuniita nione.

"Hii nyeusi ni choo. Hii nyeupe kama chokaa ni mkojo wake, yeye hakojoi maji kama sisi. Ukiona vyote viwili, ujue ndani kuko sawa."

Nilitazama. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyoniambia tangu mazishi, na yalikuwa ya mavi ya nyoka.

Mvua kubwa zilipoanza tena, chatu alimeza kifaranga, na baada ya siku kadhaa akakitapika. Nilisikia harufu kabla sijafungua mlango wa stoo, harufu nzito ya kitu kilichooza mahali pa joto. Kifaranga kilikuwa kizima bado, manyoya yamelowa na kushikamana, kimezungukwa na ute. Mume wangu alikipindua kwa kijiti, akasema ni baridi. Nyoka hana moto wake mwenyewe, alisema. Kukiwa na baridi chakula hakisagiki, kinamwozea tumboni mpaka akirudishe. Kwa hiyo tukaanza kupasha matofali moto mekoni, kuyafunga kwa matambara na kuyaweka kando ya sanduku. Akaniambia tusimguse na tusimpe chochote mpaka tumbo lipumzike.

Tulingoja muda mrefu. Kisha akampa kipanya kidogo sana. Alikimeza kwa shida, na hicho nacho kikarudi.

Mimi ndiye niliyekuwa namsafisha mchana, kwa hiyo niliona mambo ambayo yeye hakuyaona. Kinyesi kilikuwa kimekwisha kabisa. Siku zikapita bila choo wala ile chokaa. Kisha nikaona uvimbe sehemu ya nyuma, mbele kidogo ya mkia, mahali ambapo mwili ulipaswa kuanza kuwa mwembamba. Sehemu nyingine zote zilikuwa zinakonda, uti wa mgongo umechomoza kama paa la nyumba, lakini pale palikuwa pamejaa.

"Mshike hapa," nilimwambia jioni hiyo.

Alishika. Akashika tena. "Ni pagumu."

"Tangu lini?"

"Wewe ndiye unashinda naye."

"Nakuuliza kwa sababu wewe ndiye daktari."

Kesho yake alimweleza mkubwa wake ofisini. Mkubwa, ambaye alikuwa mtu mpole, alimwambia hakusomea nyoka, ila ajaribu kumlaza kwenye maji ya vuguvugu, kama vile mtu angemkanda ndama aliyefunga choo, na asitie dawa ya ng'ombe hata tone, maana itamuua.

Wiki hiyo mama mkwe alikuja kutoka Rangwe. Alikuwa Msabato wa tangu ujana wake, mwanamke wa maneno machache na uso mkavu. Alimkuta mwanawe amechuchumaa stoo, amemshika nyoka mapajani, anamfuta ute mdomoni kwa pamba. Alisimama mlangoni bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Mtoto wako aliugua hapa," alisema, "na hukuwepo. Huyu unamuuguza."

Mume wangu aliendelea kufuta. Mama mkwe akanigeukia, nafikiri akitaka niongeze neno, lakini maneno yake yalikuwa yale yale niliyokuwa nayo rohoni, na kuyasikia yakisemwa kwa sauti hakukunisaidia. Nikaenda kuchemsha chai. Hakuinywa. Akaondoka na gari la mchana.

Jumapili alasiri tulimwosha. Karai lililokuwepo ni lile la mtoto. Mimi ndiye niliyelitoa chini ya kitanda. Sufuria za kupikia sikutaka zitumike. Nilipima maji kwa kiwiko, kama nilivyozoea. Tukamlaza ndani, yeye ameshika kichwa kisizame, mimi nasukuma ule uvimbe taratibu kuelekea nyuma kwa vidole viwili. Chatu hakupambana. Alifungua mdomo mara kwa mara kama anayetaka kupiga miayo, na ndani ya mdomo ute ulikuwa unavutika kama nyuzi.

Nilibana ngozi yake ubavuni, ikabaki imesimama, haikurudi. Macho yalikuwa yamezama.

"Maji yamemwisha mwilini," nikasema. "Huyu anakufa."

"Umejuaje?"

"Nilishaona."

Nilidhani atanyamaza kama siku zote. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na kwa sababu ya mvua sikusikia vizuri aliposema tena. Nikamwambia arudie.

"Ilianza vipi?" akauliza. "Kwa mtoto."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kwa muda mrefu, na yalipokuja nilikasirika. Nilitaka kumwambia amechelewa. Lakini nilimwambia ilivyoanza. Nilimwambia kwamba asubuhi ya kwanza alikataa uji, nikadhani ni meno. Kwamba choo kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele, na nilibadilisha nepi mpaka zikaniishia, nikachana leso niliyojifunga. Kwamba nilimbeba mgongoni mpaka zahanati na kukuta foleni ya akina mama imefika barabarani, na wote walikuwa wamebeba watoto walionyamaza. Walimpa dawa ya kunywa, akaitapika pale pale begani kwangu. Kwamba nilijua mambo yameharibika nilipobana ngozi ya tumbo lake ikabaki imesimama, na alipolia bila machozi.

"Alilia?"

"Mwanzoni. Baadaye alikuwa ananitazama tu."

"Aliniita?"

"Hakuwa anajua kuita mtu."

Mume wangu aliinamisha kichwa, na nikaona mabega yake yanacheza. Hakuachilia kichwa cha nyoka. Sikumgusa. Tuliendelea kukaa hivyo, magoti yetu yakigusa karai, mpaka maji yakapoa, nikaenda kuongeza mengine ya moto.

Chatu alitoa ute kidogo wenye damu, basi. Baada ya siku chache nilimkuta amelala tumbo juu nusu ya mwili, kitu ambacho nyoka mzima hafanyi, na nilipomgusa alikuwa amekakamaa.

Mume wangu alimpasua uani juu ya bati, kwa kisu chake cha kazi. Aliniuliza kama nataka kuingia ndani, nikasema hapana. Alikata kutoka kooni kwenda chini, kwa mkono uliozoea, akinionyesha pafu, ini refu, tumbo lenyewe lililokuwa tupu na jekundu. Alipofika kwenye uvimbe utumbo ulikuwa mweusi. Alipoufungua ikatoka harufu ile ya kifaranga, na ndani mlikuwa na donge la ukubwa wa yai la kuku. Alilisuuza kwa maji ya birika. Lilikuwa nyuzi. Nyuzi za mkonge zilizosokotana na manyoya, zimekaza kama kamba.

Nilielewa naye akaelewa. Vifaranga aliomlisha walikuwa wameloa mvua, na kwenye gunia kuukuu nyuzi zilikuwa zinang'ooka na kunasa kwenye manyoya. Nyoka hachagui, anameza kilichoko mbele ya meno yake. Kumbe haikuwa baridi.

"Ni gunia," alisema.

"Ndiyo."

"Nilimtandikia ili alale vizuri."

Aliosha kisu, akachimba shimo nyuma ya choo, akamfukia, kisha akalitoa gunia stoo na kulichoma. Lilikuwa na unyevu, likatoa moshi siku nzima, na majirani wakafunga madirisha yao.

Watu wengine wanaposimulia mambo kama haya husema kwamba baada ya hapo mioyo ilitulia. Yetu haikutulia. Alianza kuniuliza maswali, hilo ni kweli, na mengine aliyarudia mpaka nikachoka: kama dawa ilikuwa ya rangi gani, kama mtu wa lori angemfikia Ndhiwa mapema, yeye angemkuta mtoto hai. Nilimjibu nilichokijua. Siku nyingine nilimjibu kwa ukali, naye akatoka, akaenda kukaa barazani mpaka hasira yangu iishe. Kazini hawakumpa nafasi ya kukaa karibu na nyumbani, ingawa aliomba.

Mwaka uliofuata nilijifungua msichana. Mume wangu alikuwa akiamka, kabla ya kugusa baiskeli, anaziomba nepi zilizotumika, anazifungua kwenye mwanga wa dirisha na kuzitazama moja moja. Mama mkwe alipomwona alifunika uso kwa aibu, akaniambia kwamba hajawahi kuona mwanaume wa aina hiyo na nimkataze. Sikumkataza. Mtoto akicheua maziwa kidogo tu, alimbana ngozi ya tumbo, akangoja irudi, kisha akambana tena. Mara mbili alimkimbiza zahanati akiwa mzima kabisa, wakamrudisha wakimcheka.

Huyo msichana aliishi. Aliyemfuata, mvulana, hakuishi, lakini yeye alikufa kwa surua, na safari hiyo baba yake alikuwa nyumbani, amempakata.