Miche Iliyonyimwa Usiku

Watu wakisikia kisa hiki huuliza kwanza, mzee, ulikuwa umekunywa? Sikunywa. Ulikuwa mwezi wa saba, na mtu wa kwetu anajua kwamba mwezi wa saba hakuna ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa kumlevya mtu. Wengine huuliza ilikuwa usiku wa saa ngapi. Ilikuwa saa tisa mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kizingitini, lakini mchana ni mchana. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na shule nilisoma miaka miwili tu ya misheni, kwa hiyo mnivumilie. Mke wangu ananiambia hayo yaache. Nitayaachaje, nayo hayajaniacha?

Wakati ule Mwingereza bado anatawala, vita vya Hitla vimekwisha, na Makambako haikuwa hii mnayoiona. Treni hakuna. Palikuwa na njia panda, vibanda vichache, malori ya kwenda Mbeya, na upepo. Upepo ndio haujabadilika. Nyumbani ni Mahongole, lakini kazi niliipata huko juu, njia ya kwenda Njombe, kwa Mzungu mmoja. Jina lake sitalitaja. Sisi tulimwita Bwana Miche.

Huyu bwana alikuwa na wazo lake. Alitaka awe na nyanya kabla ya mtu yeyote. Sasa wewe unajua baridi ya Njombe. Mwezi wa sita na wa saba umande unaganda juu ya majani, asubuhi ukikanyaga panalia kama unakanyaga sukari, na mche wa nyanya ukiguswa na umande ule unakuwa mweusi siku hiyohiyo. Basi yeye akasia mbegu ndani ya nyumba. Alikuwa na ghala la matofali, akaziba madirisha kwa magunia, akapanga makasha ya mbao yenye udongo mezani, na juu yake akatundika karabai sita kwa waya. Nyuma ya kila karabai aliweka bati la debe alilolisugua mpaka likawa kama kioo, ili mwanga wote ushuke kwenye miche. Ukiingia mle machozi yanakutoka. Nje giza la ukungu, ndani jua sita.

Kazi yangu mimi ilikuwa taa. Kutia mafuta, kupasha kwa spiriti, kupiga pampu, kubadilisha kile kifuko cheupe kinachowaka, ambacho ukikigusa kidogo tu kinakuwa majivu. Na kugeuza makasha. Mche hufuata mwanga, unauinamia kama mtu anayesikiliza siri, kwa hiyo kila asubuhi unaligeuza kasha ili unyooke tena. Kumbukeni hilo la kuinama, nitalirudia.

Saa nne usiku ilikuwa amri kuzima zote. Bwana alisema kwa Kiswahili chake, "Nyanya lala. Mimi lala. Wewe lala." Akabaki na jiko la makaa tu la kufukuza baridi. Yaani hata Mzungu, na haraka yake yote, alijua kwamba mche una usiku wake. Aliyekosa ni mimi.

Mama yangu alikuwa amefariki mwezi wa nne. Nilikwenda Mahongole kwenye matanga, tukalia, tukamaliza, kisha nikaangalia juu ya moto jikoni. Mama alikuwa na mbegu zake za maboga, zile ndefu za shingo, ganda jeupe, boga lake linakaa ndani mpaka mvua nyingine na haliozi. Sisi tulikua kwa maboga hayo. Mwaka wa njaa, nyumba nyingine zilikwenda kuomba, sisi tulikula maboga. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo kijijini. Mbegu alizichanganya na majivu, akazitia kwenye kibuyu, akakitundika penye moshi. Nilipokishusha nikakuta panya ametoboa. Zilibaki kumi na tisa. Kumi na tisa tu, ndiyo mama yote iliyobaki.

Nikazitia mfuko wa shati. Dada yangu mkubwa akaniona.

"Rudisha," akasema.

"Panya watamaliza, dada."

"Nitatafuta kibuyu kingine. Mbegu za marehemu hazisiwi mwaka uleule. Zinalala juu ya moshi mpaka mvua nyingine, kisha mimi mtoto wa kike nazishusha. Wewe tangu lini unashusha mbegu?"

Sisemi Wabena wote wana desturi hiyo. Ukoo wetu ulikuwa nayo. Mimi nilijiona mjanja, nimekaa na Mzungu, nimeona nyanya zikiota katikati ya baridi. Nikamwambia, "Wewe subiri. Mvua ikianza nitakuletea miche, siyo mbegu." Akasema, "Unamwamsha mtu aliyelala jana." Nikaondoka. Nilisikitika njiani, lakini sikurudi.

Mwishoni mwa mwezi wa sita nikazisia kwenye kasha moja la pembeni, nyuma ya nyanya. Baada ya siku nane zilitokeza kumi na nne. Niliruka kwa furaha, niamini. Lakini zilikuwa dhaifu, shina jembamba kama uzi, rangi ya maziwa. Nikafikiri ni mwanga haujatosha. Basi Bwana akilala, mimi naiacha karabai moja, naisogeza juu ya kasha la mama, nakaa nayo mpaka kuche. Karabai haijiwashi yenyewe, ukisinzia presha inashuka, kwa hiyo na mimi nilikesha. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tano. Mchana nafanya kazi ya taa sita, usiku ya taa moja.

Mpishi wa Bwana alikuwa Mkinga wa Matamba, tukimwita kaka Sanga, mtu wa maneno. Akinikuta nimeegemea mlango ananiambia, "We Mbena, umegeuka kuku? Unaatamia maboga?" Namjibu, "Yakizaa hutapata hata jani." Anacheka, "Yakizaa, wewe tutakuwa tumeshakuzika. Jitazame macho, kama ya bundi aliyefiwa." Alikuwa ananitania, lakini ugali alinifichia.

Siku ya kumi na mbili ya kukesha kwangu ukungu haukuinuka kabisa. Bwana alikuwa amekwenda Njombe. Saa tisa nilikuwa napiga pampu ya taa ya tatu, ile niliyoiacha juu ya kasha la mama kwa kuwa Bwana hayupo, nikasikia mlango.

Aliingia mwanamke. Mzee, mfupi, amejifunga kaniki, hana viatu. Nilidhani ni mama wa mmoja wa vibarua.

"Kamwene," akasema, salamu ya kwetu.

Nikaitikia, nikamwambia, "Shikamoo mama. Humu hairuhusiwi kuingia mtu, lakini jongea kwenye makaa upate moto."

Hakwenda kwenye makaa. Alikwenda kona ya nyuma, mahali pekee ambapo mabati yalitupa giza kidogo, akakaa juu ya gunia, akaweka kiganja machoni kama mtu anayekinga jua. Alikaa hivyo muda mrefu. Nami, kwa uchovu, niliendelea na pampu yangu. Mtu amechoka, amekaa, ndiyo ajabu gani?

Kisha akasema, "Mwanangu, zima."

"Nizime nini, mama?"

"Hii hapa. Moja tu. Nimechoka."

Nikacheka kidogo. "Mama, hizi ni taa za Mzungu. Nikizima nafukuzwa. Nenda jikoni kwa kaka Sanga, kuna giza la kutosha."

"Nikienda huko inanifuata. Tangu uniamshe sijafumba macho."

Hapo mkono ukasimama kwenye pampu. Nikamuuliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "Mama, wewe umetoka wapi?"

"Nimeletwa na mtu, mfukoni mwa shati."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilitazama kasha. Nimewaambia mche huufuata mwanga. Karabai ilikuwa juu yake, inaunguruma, nyeupe. Ile miche kumi na minne yote ilikuwa imeipa taa kisogo. Imeinamia kona. Imeinamia yeye, kule gizani, shingo zimepinda kabisa, na asubuhi ileile nilikuwa nimeligeuza kasha kwa mikono yangu miwili.

Sura yake haikuwa ya mama. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Mama nilimjua. Huyu alikuwa mama akiwa amechoka kupita mama. Lakini viganja vilikuwa na majivu, majivu makavu, siku ambayo hata kuni zilikuwa zinatoa maji.

Nikapiga magoti. Nikasema, "Mama, nimefanya kwa ajili yako. Ndizo zimebaki. Zikifa hizi huna kitu tena duniani."

"Kwani nilikuomba kitu?" akasema. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. "Nimelima miaka yote ile. Nimezaa, nimezika, nimebeba. Nilisema sasa nitalala mwaka mmoja, ndipo niamke na mvua. Mwaka mmoja, mwanangu. Zima."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kifungulio cha presha. Ni kukizungusha kidogo tu, taa inapumua, inakufa. Sikuzungusha. Nawaambieni ukweli, sikuogopa Mzungu. Niliona miche. Niliwaza, siku kumi tu zingine itakuwa na nguvu, nitaipeleka kwa dada, dada ataona nani mjanja. Nikasema, "Vumilia kidogo, mama." Halafu, Mungu anisamehe, nikapiga pampu.

Taa ikapanda. Kona ikawa nyeupe.

Akainuka polepole, magoti yakilia, kama walivyo wazee wote. Akapita karibu nami, akaigusa karabai iliyokuwa ikiwaka, kioo kile cha moto, akakiacha.

"Haya," akasema. "Basi kesha wewe."

Akatoka kwenye ukungu.

Najua mtasema ni ndoto ya mtu asiyelala. Nami nilijiambia hivyo. Nikaenda jikoni nikakuta kaka Sanga anamenya viazi. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Yule bibi amekupata?"

"Bibi gani?"

"Aliyepita hapa na majivu mikononi. Aliniuliza, mwanangu analala wapi? Nikamwambia, mama, huyo halali, mtafute kwenye mwanga." Akacheka. Kisha akaniona uso, akaacha kucheka, kisu akakiweka chini.

Tulirudi wote wawili. Kwenye kioo palikuwa na alama ya vidole vya majivu. Kaka Sanga aliifuta kwa kitambaa, ikatoka kama majivu mengine yoyote. Miche kumi na minne ilikuwa imelala juu ya udongo. Haikuungua, haikuoza. Imelala tu, kama nywele zilizochanwa upande mmoja. Nyanya za Bwana hazikuguswa hata moja.

Kaka Sanga, mtu wa masihara yote yale, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, chimbua zilizobaki. Zirudishe."

Tano hazikuwa zimeota. Nilizitoa udongoni kwa kijiti, nikazifuta moja moja, nikatembea nazo mpaka barabarani, nikapata lori. Nikafika kwa dada. Alizipokea kwa mikono miwili, akazikausha, akazichanganya na majivu, akazipandisha juu ya moshi. Mvua za mwaka ule zikaja, zikapita, hatukuzigusa. Mvua za mwaka uliofuata akazishusha yeye. Ziliota nne. Kwa hiyo ukipita Mahongole ukaona boga jeupe la shingo ndefu, ndilo hilo. Mama yupo. Mama alilala, akaamka, akazaa. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Mimi ndiye sijalala.

Sisemi maneno ya kupamba. Tangu siku ile nikifumba macho naona ule weupe, na mkono wa kulia unaanza kupiga pampu wenyewe, mke wangu ni shahidi. Napata kausingizi ka kuku, jogoo hajawika niko macho. Kazi ya Bwana niliacha, nikawa mlinzi wa malori Makambako, maana kazi gani nyingine ingenifaa? Nilikwenda kwa mchungaji. Aliniombea usiku kucha, mtu mwema, ila saa nane yeye akasinzia kwenye kiti nikabaki namwangalia, namwonea wivu. Nilikwenda kwenye kaburi la mama nikaomba msamaha. Dada akaniambia, "Amekwishasamehe. Lakini amelala. Nani atamwamsha akuambie?"

Basi wewe unayesoma, ukipewa mbegu ya mtu aliyeondoka, usiwe na haraka nayo. Iache penye moshi, mwaka uishe. Mvua itakuja tu. Mbegu ina usiku wake na marehemu ana wake.

Na nyinyi wa nyumbani, mtakaonizika, sikilizeni. Naona siku hizi kwenye matanga watu wanawasha taa mpaka asubuhi, uwanja mzima mweupe. Kwangu msiwashe. Funikeni moto, fungeni dirisha, nendeni mkalale. Na mbegu zangu zilizo jikoni, mtu asizishushe mwaka ule, hata kama panya wametoboa kibuyu. Nina usingizi wa miaka mingi.