Nkwimba Amedondoka Tena

Hapa Kawajense, nyuma ya nyumba yangu, kuna fundi anaziba ndoo na mabeseni. Anatia kisu kwenye jiko la mkaa mpaka kinakuwa chekundu, anakipitisha kwenye ufa, plastiki inalia chiii, na moshi wake unaingia mpaka kwenye chai. Wateja wanaziba pua. Mimi nasogea karibu. Majirani wanadhani nina kichaa kidogo, na sijawahi kuwaeleza. Nyie nitawaeleza, ila msinitegemee sana, maana na mimi mwenyewe mambo haya hayajakaa vizuri kichwani mpaka leo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea.

Tulikuwa tunakaa kijijini, upande wa Ugalla. Sisi ni Wasukuma; wazee wetu walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini wakifuata majani. Baba na mama walikuwa wamehama tena na mifugo kuelekea bonde la Rukwa, mimi nikaachwa kwa bibi yangu, Kabula, ili nisome. Bibi alikuwa na macho mekundu. Hapakuwa na ajabu yoyote hapo. Kule alikozaliwa kuni ni shida, amepikia kinyesi cha ng'ombe tangu akiwa msichana, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, moshi unatoka ukipenda. Mwishowe akawa anaona vivuli tu. Mimi alinijua kwa miguu. "Shija, mbona unaburuza kama umebeba mzoga?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu nikirudi shule.

Kile kitu kilikuja na baba yangu mdogo, Jilala. Naliandika jina lake wazi, na kabla sijamaliza nitaliandika tena. Jilala alikuwa kitinda mimba wa bibi. Alichuuza mitumba kwenye minada, na pembeni alikuwa anaziba ndoo kwa kisu cha moto, hivyo hivyo kama fundi wangu wa hapa. Siku moja akakuta kitu kigumu kwenye mfuko wa koti zito la Ulaya, koti ambalo kwa joto letu hakuna aliyelitaka hata bure. Kilikuwa kisanduku cha plastiki cha kuenea kiganjani, kila upande una vigae tisa vya rangi, na kila tabaka linazunguka. Watoto wa sasa wanakiita kyubu. Jilala alikitikisa sikioni, akasema labda ni redio ya wazungu. Hakikuongea. Akakaa nacho mchana kutwa, mitumba kaitelekeza juani, mpaka akapata upande mmoja wote wa njano. Aliringa na ule upande wa njano kama mtu aliyejenga nyumba ya bati. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Alipokichoka akaniachia. Rangi zilikuwa za karatasi, zikaanza kubanduka kwa jasho la mikono. Bibi yeye alipenda mlio wake, ule wa krrk, krrk. "Nipe na mimi nisikie." Nikimpa, anakizungusha, anakigusa huku na huku, pande zote laini, zote sawa. Ananirudishia. "Hiki ni cha wenye macho," akasema. Aliongea kawaida tu, kama mtu anayekataa chumvi, lakini mimi niliumia.

Ndipo nikakifungua. Ukizungusha tabaka la juu nusu, ukaingiza mpini wa kijiko chini ya kigae cha katikati ya ukingo, kinaruka. Kikiruka kimoja, vingine vinakudondokea mapajani kama meno. Ndani nilikuta kitu kama msalaba, na springi ndogo ndogo. Bibi alisikia vikianguka, akasema, "Umekiua." Nikavirudisha haraka. Nilivirudisha vibaya, kona moja ikabaki imepinda, na hata ungezungusha mpaka ng'ombe warudi, haikukubali kukaa. Nikakifungua upya nikaigeuza kwa mkono, kikapona. Kwa nini kona moja ikipinda kitu kizima kinagoma, mpaka leo sijui.

Nikamwomba baba mdogo anisaidie kukifanya kiwe cha bibi. Alikata dumu la njano la mafuta ya kula, akanionyesha jinsi ya kubandika kipande juu ya kigae kwa kisu cha moto. "Angalia, we mtoto," aliniambia, "moto uishie juu. Usiguse maungio. Ukigusa maungio, kimekufa." Tulifanya kazi ile pamoja, nje ya nyumba ya bibi, yeye na mimi, vichwa vimegusana juu ya moshi. Tabaka la juu tukalinenepesha. La chini nikalisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka likawa jembamba. Kikikaa sawa, kinakuwa boksi. Kikivurugwa, kinatoa vidole kila upande kama kichuguu chenye hasira. Mtu asiyeona angeweza kukipanga kwa kupapasa tu, na bibi alikipanga.

Kwenye kona nane za kitu hicho nikazamisha alama, ili bibi azitofautishe, na kila kona tukaipa mtu. Punje ya mahindi ni baba. Kitufe cha shati ni mama. Kipande cha pembe ya ng'ombe ni bibi mwenyewe. Mbegu ya ukwaju ni Jilala, aliichagua mwenyewe kwa sababu alikuwa anapenda ukwaju. Mimi nilikuwa kipande cha kokwa la embe. Mbili tukawapa ng'ombe wawili ambao bibi aliwapenda kuliko baadhi ya ndugu. Na ya nane, yenye ushanga mwekundu, ilikuwa ya Nkwimba.

Nkwimba alikuwa rafiki yangu, mtoto wa jirani, Luhende. Kila siku yuko kwetu. Kona yake ndiyo niliyoiunguza kidogo chini wakati wa kubandika, kwa hiyo ilikuwa imelegea. Bibi akizungusha kwa nguvu, inachomoka na kubingirika. "Nkwimba amedondoka tena!" tunapiga kelele wote, na Nkwimba mwenyewe anacheka kuliko sisi, anaingia chini ya kitanda kujitafuta. Anajirudisha, bibi anaendelea. Kikikaa sawa, bibi anakipapasa pande zote, anapumua, anasema, "Haya. Wote wamelala ndani." Kwa mfugaji hakuna neno tamu kama hilo.

Masika yale Nkwimba akashikwa na homa. Walimpa mizizi, wakamchelewesha, barabara ilikuwa tope tupu. Alikufa kabla hajafika hospitali. Mimi sikuelewa vizuri kufa maana yake nini, nilimwekea kona yake mahali pake nikasubiri.

Luhende akaenda kwa mganga. Mganga hakutaja jina, alisema tu mbaya wao ni mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Kijiji kizima kilikuwa na wazee wengi, na wote wamepikia moshi, lakini aliyepakana na Luhende ni bibi yangu. Wakaja mchana, Luhende mbele, wakapekua nyumba yetu, wakatupa nje vibuyu na matandiko. Halafu Luhende akatoka ameshika kile kitu kwa kitambaa, mkono umenyooka mbele kama mtu aliyebeba nyoka. Kilikuwa kimevurugika, vidole nje kila upande.

"Kabula, hiki nini?"

"Mchezo wa mjukuu wangu."

"Mchezo gani huu? Mbona umekaa hivi?"

Mimi nikaona ni rahisi tu, wakielezwa wataelewa. Nikajitosa. "Kina pembe nane," nikasema. Nilimaanisha kona. Wao walisikia zile pembe ambazo waganga wanashindilia dawa ndani, maana watu walirudi nyuma hatua, na mama mmoja akamfunika mwanawe uso. Nikaona hawajaelewa bado, nikaongeza. "Hawa ni watu. Huyu ni baba. Huyu ni mama. Huyu wa pembe ni bibi. Bibi anawazungusha mpaka wote wanalala ndani."

Mama Nkwimba akatoka katikati ya watu. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia. "Nilisikia kwa masikio yangu. Nimepita hapo njiani na maji, siyo mara moja. Wanasema Nkwimba amedondoka. Tena wanacheka!"

Luhende akaniinamia. "Na Nkwimba wangu yuko wapi humo?"

Nikatafuta ushanga mwekundu. Haukuwepo. Palikuwa na tundu, na ndani ya tundu springi inaonekana. Kona ilikuwa imechomoka wakati wanapekua.

"Amedondoka," nikasema.

Jamani, mtoto ungesema nini? Miaka mingi nimeambiwa na ndugu zangu kwamba ni mdomo wangu uliomponza bibi. Nakataa. Niliulizwa, nikajibu ukweli. Aliyekuwa na jibu la kutuokoa alikuwa amesimama pale, na mimi nilimwonyesha kwa kidole.

"Muulizeni baba mdogo! Yeye ndiye aliyekileta. Tulikitengeneza wote!"

Watu wakageuka. Jilala alikuwa amesimama na mzigo wake begani. Ilikuwa ni kusema tu: nimekikuta kwenye koti, ni mchezo wa wazungu, leteni niwaonyeshe upande wa njano. Basi. Alimtazama Luhende, akatazama rungu la Luhende, akatazama chini.

"Mimi nauza nguo," akasema. "Hicho kitu sijawahi kukiona."

Nikamgeukia bibi. Yeye alijua. Nilingoja amkaripie, alikuwa na mdomo mkali kwa wanawe hata mbele ya wageni. Bibi alikuwa ameinua kichwa kidogo, kama anavyofanya akisikiliza miguu ya mtu. Akasema taratibu, "Mwanangu hakijui. Ni changu peke yangu."

Nilichanganyikiwa kabisa. Nilidhani uzee umemla akili hapo hapo. Nikamvuta nguo, "Bibi, si cha baba mdogo, bibi umesahau?" Akanifinya mkono kwa kucha.

Luhende akakitupa motoni, moto ule ule tuliokuwa tunachemshia maharage. Nikasikia plastiki inalia chiii. Nikaingiza mkono. Watu wanasema nilikuwa jasiri, hapana, mimi niliwaona baba na mama wanaungua. Nilikitoa, kikanigandia. Kovu lipo hapa kwenye kiganja cha kulia, na vidole viwili havikunjuki vizuri, ndiyo maana mwandiko wangu umekaa hivi.

Bibi akapewa mpaka jua lizame awe ameondoka. Aliyetubeba ni muuza maharage wa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, aliyeitwa Bukuru, mtu ambaye wazazi wake walishafukuzwa kwao Burundi, kwa hiyo hakuuliza maswali mengi. Alimkalisha bibi juu ya magunia kwenye baiskeli, akasukuma kwa miguu, mimi nyuma na mkono uliofungwa majani. Ng'ombe wa bibi na shamba lake vikabaki kwa Jilala. Shule ikaishia hapo. Huko Mishamo tuliishi kwa kupukuchua mahindi ya watu, na bibi alikufa huko huko, amezikwa na Warundi waliomwita bibi kama mimi.

Kile kitu hakikuzunguka tena. Moto ulikuwa umefika kwenye maungio. Lakini huko Mishamo kila siku bibi alikaa nacho nje, kidole gumba kinasugua sehemu moja tu, kinasugua, kinasugua. Niliamini kinatafuta lile tundu la Nkwimba. Niliamini anajutia mtoto wa watu. Nikikaribia, alikifunika na kanga.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu Jilala amekuja hapa kwangu, kaletwa na bodaboda, na mfuko mmoja. Moshi wa plastiki umemla macho; mekundu kuliko ya bibi. Wanawe wamemtoa nyumbani, maana huko kijijini mtoto wa jirani ameugua, na watu wameanza kuhesabu nani ana macho mekundu. Nilimpikia ugali. Maneno sikumpa. Alipomaliza kunawa, nikaleta kile kitu, nikamwekea mkononi, sikusema ni nini. Nilitaka aseme tena kwamba hajawahi kukiona.

Alikipapasa polepole. Akapita kwenye punje, akapita kwenye pembe, akafika kwenye tundu, kidole kikaruka kama kimeungua. Halafu kikatulia kwenye kona ya mbali, upande ambao haukuguswa na moto.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nikainama kuangalia. Ile mbegu ya ukwaju ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa laini, imebonyea katikati, ina shimo la saizi ya kidole gumba. Alama nyingine zote bado zina makali yake. Lile tundu la Nkwimba lina makali mpaka leo, hakuna aliyelisugua.

Kumbe bibi hakuwa amesahau, hata kidogo. Angemtaja Jilala, wangemfukuza Jilala pamoja naye, au wangemfanyia mabaya zaidi, basi akachagua. Mimi nilikuwa upande wake, mkono wangu ndio ulioungua, na yeye miaka yote ile alikuwa amemshika mwanawe. Hapo ndipo ninapokwama. Nimkasirikie nani? Luhende alishakufa. Mganga sijui hata alikozikwa. Bibi alimficha Jilala mpaka kaburini, mimi simfichi: ni Jilala. Na Jilala analala kwenye chumba changu cha mbele, anakula ugali wangu.

Asubuhi hii nilikuwa napita uani na ndoo ya maji machafu. Alikuwa amekaa juani, amenipa mgongo. Bila kugeuka akasema, "Shija, mbona unaburuza kama umebeba mzoga?"

Nikasimama pale pale na ndoo mkononi, sijui nimjibu au nimmwagie.