Kisomo cha Alhamisi kwa Eustadia

Lugembe, fundi baiskeli wa Ng'ambo, alikwenda Ipuli kwa sababu huko hakuna aliyemjua. Mwaka ule wa sabini na tano kila mtaa wa Tabora ulikuwa na kisomo cha watu wazima, na mtu mwenye mvi akionekana saa kumi jioni na daftari kwapani hakumshangaza yeyote. Ila darasa la Alhamisi la Eustadia, mkunga mstaafu, halikuwa la kusoma. Waliokaa mle walikuwa walevi wanaotaka kuacha, na daftari lilikuwa la kuwazuga majirani. Lugembe aliambiwa siri hiyo na mteja wake mmoja wa Sikonge, akacheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Wiki ya tatu akaenda.

Angefanyaje? Amne, mkewe, alikuwa kwao mwaka wa pili sasa, pamoja na mtoto wao Kabula. Wakwe walikwishasema wazi: akiacha moshi, ile pombe kali ya kupikwa vichakani, mke atarudi, asipoacha, ndoa imekwisha.

Na wakwe walikuwa na haki, au ndivyo alivyojua yeye. Siku ya Saba Saba, miaka miwili nyuma, alikuwa amelala chumbani kalewa chakari, Amne yuko kwenye foleni ya unga, uji uko motoni. Majirani ndio waliomwamsha. Kabula alikuwa ameungua mkono wa kushoto, na vidole viwili vikaja kuponea pamoja. Wakamwambia kapiga teke sufuria, maana nani mwingine alikuwemo? Hakukumbuka chochote. Akaomba radhi, na tangu hapo kila akishika glasi mkono ule unamjia, halafu anakunywa ili usimjie. Ujinga mtupu, jamani, lakini ndio aliokuwa nao.

Mlangoni Eustadia alimwapisha kama anavyowaapisha wote: ya mwenzako utakayoyasikia hutayatoa nje; ya kwako, kamwambie umtakaye. Lugembe akaapa, kisha aibu ikamshika, akabaki kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mbele yake kulikuwa na migongo kama kumi na miwili. Mwanamke mmoja aliyejitanda kanga akainuka, akasema anaitwa Ng'washi, naye ni mlevi.

Lugembe aliijua sauti ile. Alikuwa mama mkwe wake.

Asiyejua atasema ni jambo dogo. Kwao Lugembe, mama mkwe ukimwona njiani unaiacha njia, unaingia majanini mpaka apite. Huli mbele yake, humtazami usoni, na likiwepo la kusema linapitia kwa mtu wa tatu. Na huyu ndiye aliyewaaga watu wa nyumbani kila Alhamisi kwamba anakwenda kujifunza kuandika jina lake, nao wakamsifu. Lugembe alitaka kukimbia. Lakini yule mama akaendelea kusema, naye akabaki pale pale kizingitini.

Alisimulia kwamba siku ya Saba Saba alipita kwa binti yake akiamini mkwewe hayupo. Angejua yupo, asingekanyaga ua ule. Alikuwa na chupa ndani ya kanga. Akamkuta mjukuu peke yake, akakaa jikoni, akanywa. Aliposimama kuipua uji akayumba, sufuria ikamwangukia mtoto. Hapo ndipo aliposikia mtu anakoroma chumbani. Hofu ya kukutwa nyumba moja na mkwewe, tena kalewa, ikamtoa mbio kwa mlango wa uani, mtoto akilia nyuma yake. Kabula alikuwa na miaka miwili, hakuweza kumtaja mtu.

"Wakasema ni baba yake," Ng'washi alisema. "Nikanyamaza. Nimeivunja nyumba ya mwanangu kwa mdomo wangu kukaa kimya."

Daftari lilimponyoka Lugembe likaanguka sakafuni, watu wote wakageuka. Ng'washi alimwona. Akajifunika kanga mpaka usoni, akageukia ukuta. Lugembe hakujua acheke, apige mtu au alie. Alitaka kukimbia moja kwa moja kwa Amne akamweleze, kisha akakumbuka kiapo.

"Mwambieni huyo bwana," Ng'washi aliuambia ukuta, "akamwambie mkewe. Mimi namfungulia kiapo."

Lugembe alitazama chini. "Mwambieni mama kwamba nikisema mimi, yatakuwa maneno ya mlevi. Ni yake, akayaseme mwenyewe."

Eustadia aliyapeleka maneno na kuyarudisha, ingawa kati ya wawili hao hapakuwa na hatua sita. Hakuna aliyecheka.

Ng'washi akachukua daftari lake aondoke. Lugembe akatoka upesi, akaingia kwenye majani kando ya ukuta, akampa mgongo mpaka nyayo zikapotea. Kisha akarudi ndani, akataja jina lake na ulevi wake.

Jumamosi Amne alifika barazani kwa fundi, Kabula kamshika gauni. Hakusalimu. Alisema mama yake amemwambia yote, na kwamba hajui amchukie nani kwanza. Halafu akamuuliza kwa nini miaka miwili yote hakukana hata mara moja.

"Sikukumbuka," Lugembe alisema. "Na kwa nilivyokuwa nikinywa, niliona ningeweza kulifanya."